Mtenda Asiyetajwa: Juu ya Kamusi Elezo za Nguvu Zilizofichika

Katika lugha ya ofisi yapo maneno yafanyayo kazi kubwa kwa sauti ndogo. "Imeamuliwa." "Imeonekana vema." "Maagizo yametoka juu." Asomaye maneno hayo hulijua jambo lililotendeka, lakini hamjui aliyelitenda. Uamuzi upo, mwamuzi hayupo. Agizo limefika, na mwagizaji hajulikani makao yake ila kwamba ni juu. Sarufi ya Kiswahili inatoa nafasi ya kutosha kwa desturi hii, kwa sababu kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumtaja mtenda kwa neno dogo "na", au kumwacha nje kabisa bila ya sentensi kuanguka. Nguvu zilizofichika katika siasa hukaa hasa pale ambapo neno hilo dogo limeachwa.

Katika miaka ishirini na zaidi iliyopita vimetokea vitabu vya namna mpya vinavyojaribu kulirudisha neno hilo mahali pake. Ni kamusi elezo, yaani vitabu vya maarifa vilivyopangwa kwa vichwa vya habari, lakini havikupigwa chapa juu ya karatasi: vimewekwa katika mtandao wa intaneti, na hutungwa na watu wengi kwa pamoja. Nchini Marekani shirika la Center for Media and Democracy lilianzisha mwaka 2003 kamusi iliyoitwa Disinfopedia, ambayo mwaka 2005 ilibadilishwa jina ikawa SourceWatch. Kazi yake ni kueleza makampuni yanayolipwa kuyageuza maoni ya watu, na vyama vya bandia vinavyosema kwa niaba ya mlipaji asiyetajwa. Mwaka 2009 ikafuata LittleSis, "dada mdogo", jina lililowekwa kwa mzaha ili kumjibu "kaka mkubwa" wa riwaya ya George Orwell ya mwaka 1949. Nchini Ujerumani chama cha LobbyControl kilifungua Lobbypedia mwaka 2010, na nchini Uingereza watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath walifungua TobaccoTactics mwaka 2012, kwa ajili ya biashara ya tumbaku peke yake.

Kazi hizi aghalabu husifiwa au hulaumiwa kama silaha za siasa. Ni haki pia zipimwe kama utungaji, kwa sababu kushinda kwao na kushindwa kwao hutokea katika sentensi kabla ya kutokea katika siasa. Kipimo chenyewe si kigumu kukieleza. Kwanza, je, makala inamrudisha mtenda kwenye tendo lake, ikamtaja na kumwonyesha shahidi? Pili, je, kamusi yenyewe inawataja watenda wake, yaani wanaoandika, wanaofuta na wanaolipa? Kamusi inayotimiza sharti la kwanza na kulivunja la pili imekuwa mfano mmoja zaidi wa jambo inalolilaumu.

Wazo la watu wengi kuandika kitabu kimoja kinachowasumbua wenye nguvu si geni duniani. Mjini Paris, mwaka 1747, Denis Diderot na Jean d'Alembert walikabidhiwa kazi iliyokuwa imeanza kama tafsiri ya kamusi ya Mwingereza Ephraim Chambers ya mwaka 1728. Tafsiri hiyo ikageuka mikononi mwao ikawa kitabu kingine kabisa. Juzuu ya kwanza ya Encyclopédie ilitoka mwaka 1751. Juzuu 17 za maneno zilikamilika mwaka 1765, na juzuu 11 za picha zikamalizika mwaka 1772. Waandishi walizidi 100, na mmoja wao, Louis de Jaucourt, aliandika peke yake makala zipatazo 17,000. Mwaka 1752 baraza la mfalme lilipiga marufuku juzuu mbili za kwanza, na mwaka 1759 likaifuta ruhusa ya kukichapa kitabu chote. Kazi iliendelea kwa siri.

Diderot hakuweza kusema wazi kila alilotaka, akatafuta njia ya kulisema bila ya kulitamka. Njia yake mashuhuri ilikuwa neno moja: "tazama". Makala juu ya watu walao watu inaishia kwa kumwambia msomaji atazame makala za Ekaristi, Komunyo na Altare. Hakuna neno hata moja la kashfa lililoandikwa. Mambo mawili yamewekwa ubavu kwa ubavu, na msomaji akaachwa ayaunganishe mwenyewe. Diderot hakuificha hila hii kwa muda mrefu. Katika makala yake juu ya neno lenyewe "Encyclopédie", iliyotoka mwaka 1755, alieleza kwamba vielekezo vya namna hiyo vina uwezo wa kuyabomoa kimyakimya mawazo ambayo hayawezi kupigwa waziwazi.

Hila hiyo ni urithi mkubwa, na kama urithi mwingi, ina deni ndani yake. Kwa mwandishi aliye chini ya mfalme na polisi wake, kudokeza ni ngao. Aliyedokezewa alikuwa na majeshi na magereza. Aliyedokeza alikuwa na kalamu. Lakini mambo yakigeuka, ikawa mwandishi yu salama nyumbani kwake na anayeandikwa ni mtu mmoja asiye na ngao, dokezo lile lile hubadilika tabia. Kamusi za leo za nguvu zilizofichika zimeirithi ngao ya Diderot, na swali la mhakiki ni kama zimejua wakati wa kuiweka chini.

Yafaa kuanza na mahali ambapo urithi huo umetumiwa vizuri, nako ni katika habari za tumbaku. Mnamo Januari 1954 makampuni ya sigara ya Marekani yalitangaza katika magazeti zaidi ya 400 kwamba yataunda kamati ya kuchunguza kama sigara inadhuru afya. Maneno ya tangazo lile yalikuwa ya upole na ya kujali. Kwa miaka mingi baadaye kamati hiyo na vyama vingine vilivyofuata vilisema kwa jina la elimu kwamba jambo halijathibitika. Nani alisema? Sayansi ilisema. Nani aliilipa sayansi hiyo, akaichagulia maswali yake? Hapo ndipo neno "na" lilipoachwa. Lilirudishwa na mahakama: kesi za majimbo ya Marekani, zilizoishia katika mapatano ya mwaka 1998, zilifungua makabati ya makampuni hayo, na mamilioni ya nyaraka zao za ndani sasa yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, ambako mtu yeyote aweza kuzisoma.

Makala nzuri katika kamusi hizi husimama juu ya nyaraka za namna hiyo. Mfano ni habari za chama kilichoundwa Marekani mwaka 1993 kwa jina la The Advancement of Sound Science Coalition. Jina hilo lasema kwamba chama kipo ili kuiendeleza sayansi iliyo timamu, na hapana mtu aliye kinyume cha sayansi timamu. Makala humweleza msomaji kwamba kilibuniwa na kampuni ya APCO kwa ajili ya Philip Morris, baada ya idara ya serikali ya mazingira kutangaza kwamba moshi wa sigara za wengine huleta saratani ya mapafu. Mwandishi hana haja ya kukasirika. Analiweka jina la chama upande mmoja na jina la mlipaji upande wa pili, kisha anaweka waraka katikati. Huu ni ufundi wa Diderot uliokomaa: ubavu kwa ubavu umebaki, lakini dokezo limeondoka, kwa kuwa kiungo kati ya mambo mawili hakikuachiwa mawazo ya msomaji. Kiungo kimeandikwa, kina tarehe, na chaweza kukaguliwa.

Mfano wa pili unaifikia Afrika Mashariki. Mwaka 1984 kiliundwa chama cha kimataifa cha wakulima wa tumbaku, kinachojulikana kwa herufi ITGA. Wakulima wana haki ya kuwa na chama, na hofu yao juu ya bei na soko ni hofu ya kweli. Lakini nyaraka za mwishoni mwa miaka ya 1980 zinaonyesha makampuni makubwa ya sigara yakipanga kukilipia chama hicho ili katika mikutano ya kimataifa kisikike kama sauti ya nchi za dunia ya tatu, mahali ambapo sauti ya kampuni isingeaminiwa. Mkulima wa Urambo, katika mkoa wa Tabora, ambaye huinamia majani yake tangu kupanda hata kukausha, hakuulizwa kama jembe lake liazimwe. Huu ndio mshiko wa kazi hizi, na ndiyo sababu haifai kuzichukua kama michezo ya vijana wapendao siri. Nguvu iliyofichika haimwibii mtu mali yake tu; humwibia sauti yake, kisha huitumia mbele za watu kana kwamba yeye mwenyewe ndiye asemaye.

Ikiwa faida ni kubwa hivyo, makosa nayo hayawezi kuwa madogo. Kosa la kwanza ni la uzi. Kamusi kama LittleSis imejengwa juu ya uhusiano: fulani ni mkurugenzi wa kampuni hii, alitoa fedha kwa mgombea yule, alikaa katika bodi moja na waziri huyu. Kila uzi waweza kuwa wa kweli, na kwa mtafiti avijuaye vipimo vyake, mkusanyiko huo ni hazina. Lakini uzi si tendo. Watu wawili waliokaa katika bodi moja huenda walishirikiana, huenda waligombana, na huenda walilala usingizi katika mikutano yote. Mchoro wenye majina 30 na nyuzi 100 humpa msomaji hisia ya kwamba ameona njama, ilhali alichokiona ni kwamba tabaka la wenye mali ni dogo na lafahamiana. Hilo nalo ni jambo la maana, tena la kuhuzunisha, lakini ni jambo jingine. Hapa "tazama" ya Diderot imerudi katika umbo la mstari, na imerudi bila ya udhuru wake. Mwandishi asemaye "fulani alimwagiza fulani" aweza kukanushwa. Mwandishi achoraye mstari kati yao hakanushiki, kwa kuwa hakusema neno.

Kosa la pili ni la uvumi. Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja." Methali hiyo ni nzuri kwa mzee wa kijiji apimaye hali ya hewa ya watu wake, lakini ni sumu kwa mtungaji wa kamusi. Mwezi Mei 2005 mtu asiyetaja jina aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza makala juu ya John Seigenthaler, mwandishi wa magazeti wa Nashville, ambaye mwaka 1961 alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy, na ambaye mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake. Makala ilisema kwamba kwa muda mfupi alidhaniwa kuhusika katika mauaji ya Kennedy wote wawili, na kwamba hapana lililothibitishwa. Uongo huo ulikaa miezi minne na zaidi kabla ya kuondolewa. Seigenthaler alieleza uchungu wake katika gazeti la USA Today mwezi Novemba mwaka ule, na mwandishi wa maneno hayo baadaye alikiri kwamba alikuwa akifanya mzaha na mwenzake kazini.

Watu wengi walilichukua tukio hilo kama hoja juu ya milango: nani aruhusiwe kuandika. Wikipedia ya Kiingereza nayo ilijibu kwa mlango. Tangu Desemba 2005 mtu asiyejiandikisha hakuweza tena kuanzisha makala mpya. Lakini yafaa sentensi yenyewe isomwe kwa jicho la sarufi. "Alidhaniwa kuhusika." Alidhaniwa na nani? "Hapana lililothibitishwa." Nani alichunguza, lini, mbele ya mahakama ipi? Sentensi ile iliandikwa kwa kauli ya kutendwa isiyo na mtenda, kauli ile ile ya "imeamuliwa" na ya "maagizo yametoka juu". Mtu mwenye mzaha alitumia sarufi ya nguvu zilizofichika, na kwa sababu sarufi hiyo imezoeleka, haikumshitua msomaji. Lau kungalikuwako desturi ya kutokubali kitenzi cha shutuma kisicho na mtenda wala shahidi, maneno yale yasingalidumu hata siku moja, awe ameyaandika mgeni au mwenyeji.

Kosa la tatu ni zito kuliko yote, nalo liko ndani ya nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 1764 Diderot aligundua kwamba mchapaji wake, André François Le Breton, alikuwa akizikata makala kwa siri baada ya mhariri kuzipitisha. Le Breton alikuwa na mali yake ndani ya kazi ile, na aliogopa kuipoteza pamoja na uhuru wake. Basi usiku alifanya yale ambayo mkaguzi wa mfalme angeyafanya mchana. Baadhi ya kurasa zilizokatwa zilijulikana tena katika karne ya 20, na uchunguzi wake ulichapishwa na Gordon na Torrey mwaka 1947. Kwa takriban karne mbili, basi, wasomaji wa kitabu kilichojulikana kwa kuupinga udhibiti walisoma maneno yaliyodhibitiwa wasijue. Adui wa nje, mfalme, aliandika amri zake na kuzitangaza. Adui wa ndani hakuacha alama.

Kamusi za intaneti zina sifa moja ambayo kitabu cha Diderot hakuwa nayo: kila badiliko huandikwa katika historia ya ukurasa, na msomaji aweza kuona nini kilifutwa na saa ngapi. Sifa hiyo imekwisha kuzaa matunda. Mwezi Januari 2006 ilibainika kwamba wafanyakazi wa ofisi ya mbunge Marty Meehan wa Massachusetts walikuwa wameiondoa katika makala yake habari ya ahadi aliyoitoa zamani ya kutokaa bungeni zaidi ya vipindi vinne, wakaweka mahali pake wasifu walioutunga wenyewe. Historia ya ukurasa iliuonyesha mkono. Le Breton wa zama hizi, akikata, huacha makato yake mezani.

Hata hivyo alama haimsaidii mtu ikiwa wenye kuisoma ni wale wale walioiacha. Ushahidi wake ni Wikipedia ya Kikroeshia. Kwa muda wa takriban miaka kumi kikundi kidogo cha wasimamizi, wenye fikra za utaifa mkali, kilishika mamlaka ya kufuta na kufungia. Waliopinga walifungiwa. Makala juu ya Jasenovac, kambi ya mauaji ya utawala wa Ustaša wa miaka ya 1941 hadi 1945, ziliandikwa kwa namna ya kuupunguza uovu wake. Taarifa ya shirika la Wikimedia iliyotolewa mwaka 2021 ilithibitisha hali hiyo, na kueleza jinsi baadhi ya wasimamizi walivyotumia akaunti zaidi ya moja, hata kikundi kikaonekana kikubwa kuliko kilivyokuwa. Hapo mduara unakamilika. Kamusi iliyojengwa na watu wote kwa ajili ya watu wote iligeuka kuwa chama cha bandia: jina mbele lilikuwa la umma, na mkono nyuma ulikuwa wa wachache. Kila badiliko lilikuwa limeandikwa, tarehe na saa, na kwa miaka mingi halikumfaa mtu.

Funzo la Kikroeshia lawahusu zaidi wenye lugha ambazo waandishi wake mtandaoni si wengi. Katika Kiingereza mkono mmoja mbaya huonwa na macho elfu. Katika lugha yenye wahariri wachache, watu watano wenye saa za kutosha waweza kuishika historia ya taifa zima. Penye wengi pana mengi, ndivyo isemwavyo; lakini methali yaanza na sharti, kwamba pawe na wengi kweli, wala si mmoja aliyevaa kofia tano.

Je, dawa ni kuufunga mlango? TobaccoTactics yajibu kwa namna yake: haimruhusu kila apitaye kuandika, bali makala zake hutoka kwa watafiti wa chuo kikuu, wenye kujibu kwa kazi yao. Matokeo ni utulivu wa lugha na uangalifu wa ushahidi ambao kamusi zilizo wazi hazifikii mara nyingi. Lakini mlango uliofungwa una mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ana anayemlisha. Tangu mwaka 2018 watafiti hao wa Bath ni washirika katika mpango uitwao STOP, unaolipiwa na Bloomberg Philanthropies, mfuko wa tajiri aliyepata kuwa meya wa New York. Jambo hilo halikufichwa, na kwa sababu halikufichwa si aibu. Ila lafaa kutajwa, kwa kuwa kamusi iulizayo kila chama "nani akulipaye?" imejitia yenyewe katika swali hilo. Haki ya kuuliza hununuliwa kwa kujibu kwanza.

Mlango wazi na mlango uliofungwa, basi, ni shauri la pili. Shauri la kwanza ni kama jina la mtu lipo katika kila tendo. Kamusi iliyo wazi yaweza kuwa ya kweli ikiwa kila shutuma ina shahidi na kila mfutaji anaweza kuulizwa na mtu asiye rafiki yake. Kamusi iliyofungwa yaweza kuwa ya kweli ikiwa inamtaja mlinzi wake na mlipaji wake. Zote mbili huwa uongo zikianza kuandika kwa lugha ya "inasemekana" juu ya wengine, na kwa lugha ya "imeondolewa" juu ya zenyewe.

Katika Kiswahili shauri hili lina uzito wa pekee. Wikipedia ya Kiswahili, iliyojiita kamusi elezo huru, ipo tangu mwaka 2003, na imejengwa na wachache wenye subira. Siku itafika, pengine si mbali, ambapo watu watataka kuwa na kamusi ya Kiswahili ya nguvu zilizofichika, na nyaraka za kuanzia hazikosekani. Tume ya Ndung'u nchini Kenya, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilitoa mwaka 2004 taarifa yenye viambatisho virefu vya orodha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Na sharti la namna hiyo lina maana pale tu ambapo wananchi wanaweza kujua nani ana hisa, nani ni mkurugenzi na nani mwenye nyumba. Mali ghafi ipo. Linalotakiwa ni utungaji.

Mtungaji huyo atakuta lugha yake ikimjaribu kila mstari. Kiswahili kina "inasemekana", "yasadikika", "inajulikana", "wakubwa", "wenyewe", "huko juu". Na yote ni maneno matamu, yanayompa msomaji raha ya kujiona miongoni mwa wajuao. Raha hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mtu asemaye "wenyewe wamekwisha amua" hufikiri anaifichua nguvu, ilhali anaisujudia: ameipa ukubwa usio na uso, na kitu kisicho na uso hakiwezi kushitakiwa, kuhojiwa wala kupigiwa kura ya kukiondoa. Kamusi ikiandikwa kwa maneno hayo, wenye nguvu hawana haja ya kuifungia. Itakuwa imewafanyia kazi yao bure.

Lakini lugha hiyo hiyo imempa mtungaji dawa yake, nayo ni kitenzi cha kutenda chenye kiima kinachoonekana. Fulani alitia sahihi, tarehe fulani, waraka huu hapa. Sentensi ya namna hiyo haina mapambo, nayo huwachosha wapendao siri. Haiwezi kuandikwa kwa haraka, na mara nyingi haiwezi kuandikwa kabisa, kwa kuwa waraka haujapatikana. Hapo mtungaji mwaminifu huacha nafasi tupu katika ukurasa wake kuliko kuijaza kwa "inasemekana". Ukurasa wenye nafasi tupu utamfaa mkulima wa Urambo kuliko ukurasa uliojaa minong'ono, kwa sababu siku atakapousoma kwa lugha yake na kumkuta humo mtu aliyesema kwa jina lake, atakuwa na haki ya kuamini kwamba mtu huyo ndiye kweli, na atajua amwendee nani.